Waliomlilia Hadda

Brussels, 3 Oktoba 1996

Kaka yangu Bassou,

Amani iwe juu yako na juu ya wote walio chini ya dari yako. Mbusu mama kichwani kwa niaba yangu, tena mara mbili, maana ya kwanza atadhani ni yako. Magoti yake yanasemaje baridi hii inapoanza? Na Fadma je, amejifungua? Uliniandikia kwamba mkeo tumbo limeshuka, kisha ukanyamaza, nami huku nimekaa kama mtu aliyeachwa nusu ya hadithi. Nieleze pia matufaha yalikuwaje mwaka huu, na kama lile paa la shule yako bado linavuja juu ya watoto wa darasa la pili.

Mimi ni mzima. Nimenunua koti zito, la mtu aliyelivaa kabla yangu, lakini lina joto.

Watu wa kijijini kwetu Tizgi wakisema kwamba Tuda ni profesa Ulaya usiwabishie, ila wewe ujue ukweli. Nafundisha kwa saa. Saa nisiyofundisha hailipwi, na kila mwezi wa sita mkataba unakufa, tukae kiangazi kizima tukisubiri kuambiwa kama utafufuka. Tuko wanne kwenye meza moja, chumba cha pembeni karibu na mashine ya kutoa nakala. Mwenzangu Gerda ana miaka hamsini na miwili na bado yuko kwenye meza hiyo. Amefundisha nusu ya wale wanaomwamuru leo. Juzi aliniambia, "Tuda, hapa usikatae kitu mpaka umeshasaini."

Sasa shida iliyonifanya nishike kalamu. Mkuu wa idara yetu, Profesa Hedwig Maas, amepata fedha za utafiti juu ya wanawake wa milimani na nyimbo zao za kwenye jiwe la kusagia. Amechagua kwetu. Sijui hasa kwa nini Tizgi, milima ni mingi. Anataka kuja baada ya theluji, akae mwezi mmoja au zaidi, amsikilize mama. Mambo yakienda vizuri, huenda nikapata mkataba wa miaka miwili, na meza.

Nakuomba umpokee. Kifaransa chako ni kizuri kuliko changu, wewe ndiye utakayekuwa mdomo wa mama. Ni mtu mpole. Hali nyama ya mbuzi lakini hatasema, atakula.

Dada yako mdogo,
Tuda


Tizgi, 10 Novemba 1996

Mdogo wangu Tuda, msomi wa koti la watu,

Tumepokea salamu zako zikiwa na unyevu, maana lori la soko lilizilaza mtoni kwanza. Sisi ni wazima, alhamdulillah. Fadma amejifungua msichana, mweupe kama unga, mwenye sauti ya mnadi wa sokoni. Mama alitaka aitwe Hadda. Nikamwambia jina la marehemu linamlemea mtoto, tukamwita Yamna. Mama alimfunga mtoto vizuri akampa Fadma, akaenda kuwatazama kuku.

Matufaha yalikuwa mengi na bei ikawa ya kucheka. Paa linavuja sasa juu ya darasa la tatu pia, kwa hiyo hakuna tena wivu shuleni.

Huyo Profesa wako aje. Hatujawahi kumfukuza mgeni, hatutaanza na aliyekushikia mkate. Ila niruhusu nikutanie: mtu anatoka huko kote kuja kumsikiliza bibi kizee akisaga shayiri? Mnaiita elimu ya kuchunguza watu. Mimi naona ni elimu ya kuchungulia. Fadma anauliza kama na sisi tunaweza kuja huko kumchungulia yeye akiosha vyombo, na kama kuna fedha za kazi hiyo.

Basi, utani umekwisha. Nina sharti moja, na nataka uliseme kwake kwa mdomo wako kabla hajafunga mizigo. Hadda asiulizwe. Mama asiulizwe, mimi nisiulizwe, wala jirani yeyote. Unajua tulivyokubaliana na Ait Uzru, wakwe zake wa ng'ambo ya mto. Dada yetu alikuwa anakwenda kumtazama shangazi, theluji ikamkuta njiani. Basi. Ndivyo baba alivyosema mbele ya watu, Mungu amrehemu, na ndivyo wao walivyosema. Mfereji wa maji unapita kwao kabla ya kufika kwetu. Amani ile ilitafutwa kwa shida, nawe ulikuwa mtoto lakini si mtoto wa kusahau.

Andika unihakikishie.

Kakako,
Bassou


Brussels, 2 Desemba 1996

Kaka Bassou,

Mungu amkuze Yamna na ampunguzie sauti. Nimemnunulia kofia ya sufu, Profesa ataileta, pamoja na dawa ya kuchua ya mama na kahawa yako. Mwambie Fadma nimecheka peke yangu kwenye basi mpaka watu wakahama.

Profesa atafika mwisho wa mwezi wa pili. Ametafuta viatu vya milimani na amejifunza kusalimia. Anasalimia vibaya lakini kwa moyo.

Kuhusu lile jambo, nimemwambia.

Nina mitihani ya watu mia mbili ya kusahihisha kabla ya sikukuu zao, na hiyo hailipwi kwa saa wala kwa dakika. Nitaandika zaidi nikimaliza.

Nambusu mama.
Tuda


Tizgi, 20 Aprili 1997

Tuda,

Salamu kwako na afya. Mama anakusalimu, Fadma pia, Yamna ameota jino na kunijaribu nalo kidole. Theluji ilichelewa kuondoka, barabara ilifungwa mara kwa mara, ndiyo maana ya kimya changu. Sehemu ya kimya changu.

Mgeni wako alikuja na amekwenda. Kwa haki, ni mwanamke mzuri. Alikula kila kilichowekwa, hata mbuzi. Alikaa chini mpaka miguu ikamfa ganzi, tukawa tunamwinua mimi na Fadma kama gunia la viazi, naye anacheka. Wanawake wa hapa walimwita Mama Kwanini. Ukichota maji, kwa nini mkono huu. Ukimkaripia mtoto, kwa nini sasa na si asubuhi. Mama alimpenda. Siku za mwanzo aliimba kwenye jiwe zile zote tulizozisikia utotoni, na mashine ya kunasa sauti ikawa inazunguka pembeni yake.

Mimi asubuhi nilifundisha na mchana nikatafsiri mpaka ulimi ukakauka. Alisema nina kipaji cha kazi hii. Aliniomba niendelee kukusanya nyimbo baada yake, nimtumie, kwa ajili ya elimu. Nikauliza jina langu litaandikwa wapi. Akasema kwa kawaida wenyeji hushukuriwa mwanzoni, wote kwa pamoja.

Kabla hajaondoka tulichinja jogoo, tukala naye vizuri.

Tangu hapo mama anasaga kimya. Labda ni kifua. Nimemwekea asali.

Ningekuwa na swali ningekuuliza.

Bassou


Brussels, 11 Mei 1997

Kaka yangu,

Barua yako ilikuwa fupi, nimeisoma mara nyingi nikitafuta ilipoendelea. Mama amepona kifua? Mpeleke zahanati ya sokoni, usitegemee asali.

Mimi nina habari njema. Nimesaini. Miaka miwili, na mshahara hata wakati wa kiangazi. Gerda alinikumbatia, halafu akashinda siku nzima bila kunisemesha, nami simlaumu. Nina meza yangu dirishani. Kazi ya kwanza ni kuzisikiliza kanda zote za Tizgi, kuziandika katika lugha yetu, kisha kuzifasiri. Nitamsikia mama kila siku, fikiria. Nitakuwa kama niko jikoni.

Profesa anakusifu sana. Anasema bila wewe asingepata kitu.

Nijibu kwa urefu.
Tuda


Brussels, 15 Julai 1997

Kaka Bassou,

Hukujibu, na sasa najua kwa nini. Natumaini mko wazima wote. Natumaini mama ni mzima. Sijui niweke salamu gani hapa, kila ninayoiandika inanirudia usoni.

Nimeifikia kanda ya mwisho. Mashine haikuzimwa wakati wa kula. Nadhani Profesa aliiacha kwenye mto wa kuegemea, akasahau. Niliwasikia mkinawa mikono. Nilimsikia Fadma akisema jogoo ni mgumu, na mama akisema ugumu ni wa mpishi. Nilikuwa nacheka, kaka, na vidole viko kwenye mashine ya kuandika.

Kisha Profesa akasema kwa Kifaransa, kwa ile sauti yake ya upole, "Tuda alipotusimulia habari za Hadda, ukumbi mzima ulilia. Samahani nikiuliza. Ni wewe ndiye yule kaka aliyemrudisha kwa mumewe juu ya nyumbu?"

Kijiko kikasikika. Ukasema, "Hapana. Ni kaka mwingine."

Hatuna kaka mwingine.

Mama hajui Kifaransa, lakini jina la mwanawe analijua katika lugha yoyote. Akakuuliza, "Anasema nini juu ya Hadda?" Nawe ukamjibu, "Anasema ni jina zuri, mama." Na mama akasema, "Ni jina zuri, ndiyo," kisha sikumsikia tena mpaka kanda ikaisha.

Nilivua visikilizio masikioni nikaenda chooni nikakaa huko. Ulimdanganya mama kwa ajili yangu, na ulijikana mwenyewe mbele ya mgeni kwa ajili yangu, kisha ukaniandikia kuhusu asali.

Sikumwambia asiulize. Wewe uliniwekea sharti, nami sikuweza kulipeleka, kwa kuwa ningemwambiaje anyamazie kile kilichomleta? Mwaka jana mwezi wa tano nilitakiwa kutoa mhadhara mbele ya idara. Kila anayetafuta kazi hutakiwa. Nilikuwa nimeandaa maneno ya vitabu, na niliwaona wanatazama madirisha. Wiki hiyo Profesa alikuwa ameniambia mlangoni, "Wewe unacho ambacho sisi hatuna, usikifiche." Basi nikaziweka karatasi chini, nikawasimulia. Kwamba aliolewa ili watu waache kuumizana juu ya mfereji. Kwamba Addi, mumewe, alikuwa akimpiga. Kwamba alikimbilia nyumbani mara mbili na mara mbili akarudishwa, na kwamba mara ya tatu hakuja kwetu tena, alishika njia ya mlimani, kwa kuwa alishajua mlango wetu unafungukia upande gani. Na kwamba mama alikatazwa kupiga yowe msibani, ili wakwe wasionekane wameshitakiwa.

Nilikuwa nalala naye blanketi moja, aliniambia mimi peke yangu. Na mimi niliwaambia watu thelathini.

Leo asubuhi nilikwenda kwa Profesa. Nilimwomba aitoe habari ya Hadda katika kitabu. Alinipa kiti, akafunga mlango. Sikumwona na ubaya, hilo ndilo linaloniumiza.

"Tuda, mimi sikuchukua kitu," alisema. "Ulitupa wewe. Mbele ya watu wote."

"Najua. Naomba kirudi."

"Nitabadilisha majina. Nitabadilisha bonde."

"Na mfereji? Na theluji? Ait Uzru wana kijana anayesoma Rabat. Atasoma kurasa mbili, wa tatu hatauhitaji."

Akavua miwani. "Sura hiyo ndiyo kitabu. Bila hiyo nina kitabu cha kusaga unga." Halafu akaniambia nipumzike, kwamba niko karibu mno na jambo lenyewe, na kwamba kazi iliyobaki ya kanda ataitafutia mtu mwingine.

Nilimwambia sitaandika hata neno moja la ile kanda ya mwisho, wala sitaifasiri. Akasema basi tutazame kama mkataba unaweza kuendelea hivyo. Alisema kwa huzuni. Sidhani ilikuwa ya uongo.

Fanya utakalo na barua hii. Ukitaka kuichoma, ichome.

Tuda


Tizgi, 30 Septemba 1997

Tuda,

Salamu. Tuko hai, na usishtuke na urefu wa barua hii, hakuna aliyekufa. Au yupo, utaona.

Barua yako ilikaa mfukoni mwangu wiki tatu. Nilikuwa na hasira nawe mpaka nikawa nawachapa watoto kwa makosa ya hesabu, jambo ambalo sijawahi. Nilikuwa natunga majibu njiani kutoka shuleni. Nilitaka kukuuliza kama ulipowasimulia habari za yule kaka na nyumbu uliwaambia pia kwamba alikuwa na miaka ishirini, na kwamba baba alikuwa amemtolea macho. Kisha nikawaza, hata ungewaambia, kingebadilika nini. Nilimrudisha. Hayo majibu sikuyaandika.

Nilimwambia mama. Kwa sababu kitabu kitakuja, na bora asikie kwa mwanawe kuliko kwa kijana wa Rabat. Alikuwa anachagua dengu uani. Nilimwambia yote: kwamba mgeni hakusema kuhusu jina zuri, kwamba wewe ulisimulia mbele ya watu, na kwamba mimi nilimkana dada yangu nikiwa na jogoo mkononi.

Mama hakuacha kuchagua. Akauliza, "Walifanya nini alipowasimulia?"

"Walilia, mama. Ndivyo anavyosema."

"Wazungu?"

"Wazungu."

"Wakamlilia Hadda."

"Ndiyo."

Akaweka sinia chini. "Watu wasiomjua," akasema, "wamekaa wakamlilia mwanangu. Na mimi niliambiwa nimeze."

Nilidhani atakulaani. Nilikuwa nimeshajiandaa kukutetea, ingawa sikutaka. Lakini aliinuka, magoti yale yale, akatoka, akaenda mpaka uwanja wa kupuria pale juu ambapo kila nyumba inamwona mtu. Akafungua kilemba, nywele zikatoka. Akapiga yowe.

Tuda, sijawahi kusikia sauti ile, hata siku tuliyomzika baba. Wanawake walitoka mbio, mikono ina unga. "Nani amekufa? Nani?" Akawajibu, "Hadda." Mmoja akasema taratibu, "Hadda alikufa zamani, dada." Mama akamjibu, "Alikufa zamani. Sikuruhusiwa. Leo ndiyo namlilia. Alipigwa, akakimbia, tukamfungia mlango, akafa kwa baridi. Nani hajui? Nyote mnajua."

Hakuna aliyemtuliza. Walikaa chini, mmoja baada ya mwingine, wakaitikia. Fadma alimwacha mtoto kwangu, akaenda. Nilibaki nyumbani na Yamna akinililia kifuani, na sikujua pa kuweka uso.

Ilikuwa siku tatu kama inavyotakiwa. Ait Uzru walifunga mfereji siku ile ile. Mahindi yetu ya mwisho yaliungua, na ya majirani pia, ambao hawakuwa na kosa, wakaanza kunitazama vibaya. Siku ya tatu mama yake Addi alivuka mto peke yake. Bi Rabha, unamkumbuka, mrefu. Alikaa mlangoni, hakuingia. Wanawake wakanyamaza kumsubiri. Akasema, "Alikuwa mtoto mzuri. Mwanangu alikuwa na mkono mbaya, nami nilikuwa naufunga mlango nisione." Mama akasogea kidogo kwenye mkeka. Rabha akaingia akakaa pale paliposogezwa.

Baada ya hapo nilikwenda kwenye baraza la wanaume, maana wao walikuwa bado wanadai mama ameivunja amani. Nilisema mama hakuvunja kitu, alichelewa tu. Nikawaambia mbele ya Addi kwamba aliyemrudisha ni mimi. Kwamba njia nzima alikuwa analia juu ya nyumbu, nami nikawa napiga mluzi nisimsikie. Nilikuwa sijamwambia mtu habari ya mluzi, hata Fadma. Addi alitazama ardhi. Ni mnene siku hizi, ana binti wawili.

Maji yamerudi, si yote. Wanasema mfereji umebomoka juu, na yawezekana ni kweli. Salamu zao ni za baridi, lakini ni salamu.

Kitabu kije sasa. Kitatuambia tulichokwisha kujiambia. Profesa wako alichelewa nacho, mwambie hivyo ukipenda.

Mimi nawe hatujamaliza. Bado nikikukumbuka ukiwa umesimama mbele ya wale watu, damu inanipanda. Kisha naukumbuka ule mluzi, inashuka. Sijui ndugu husameheana vipi kwa barua. Labda haiwezekani, labda inatakiwa mtu awe mbele yako umwone alivyokonda.

Mama ana neno moja kwako. Amenikalisha nikaliandika kama lilivyo. Anataka kujua walivyolia. Walilia kwa sauti? Nani alianza? Walimwombea? Anataka umweleze sawasawa, kwa kuwa ndio msiba wa kwanza Hadda aliofanyiwa na yeye, mama yake, hakuwepo. Usimdanganye, Tuda. Nimeshadanganya vya kutosha kwa ajili yetu wote.

Bassou


Brussels, 19 Oktoba 1997

Kaka yangu,

Amani juu yenu, na rehema juu ya Hadda, ambaye naliandika jina lake leo bila kutazama nyuma.

Mkataba wangu umevunjwa, kwa maneno mazuri. Madarasa yangu amepewa Gerda. Alikuja kuniomba radhi, akaniambia, "Nina miaka hamsini na mitatu," nikamwambia nisingemwelewa kama angekataa. Alinisaidia kubeba vitabu mpaka kituoni. Kitabu cha Profesa kinaendelea, bonde limepewa jina lingine. Nimemwachia kanda zote isipokuwa ile ya mwisho, na sitamrudishia. Hajaniuliza.

Nimenunua tiketi ya basi la kushuka kusini, nitafika kabla ya theluji. Nakuja ili unione, ukasirike vizuri, mbele yangu. Sina nilichokuandalia cha kujibu.

Sasa umsomee mama haya, polepole, bila kupamba.

Mama, umeuliza walivyolia. Hakuna aliyetoa sauti. Msichana mmoja wa mstari wa mbele ndiye aliyeanza, machozi yakamshuka na hakuyafuta. Profesa alivua miwani. Mwanamume mmoja alitazama juu darini. Wengine waliinamisha vichwa. Hakuna aliyemwombea. Hakuna aliyeuliza kaburi lake liko wapi, wala alipenda nini, wala kama ana mama.

Kisha msimamizi alitazama saa, akanishukuru, wakapiga makofi. Mwisho wa ukumbi kulikuwa na meza ya chakula, supu na mikate yenye jibini. Wakaja kunishika mkono mmoja mmoja, wakasema ilikuwa nzuri sana, ilikuwa na nguvu. Niliwashukuru, mama. Nilikuwa sijala tangu asubuhi. Nilichukua sahani nikasimama kati yao nikala, na ilipokwisha nikaongeza.

Mwanao,
Tuda